Basi hupimwa kwa kusubiri, si kwa mwendo wake

Msomaji aliyeuliza kwa nini washindani wa kupitia vituo vyote 272 vya treni za chini ya ardhi London kwa muda mfupi kabisa wanakimbia kutoka kituo cha njia moja hadi cha nyingine ilhali kanuni zinaruhusu basi la abiria, afanye hesabu kidogo. Ukikimbia kilomita 10 kwa saa, kilomita moja ni dakika 6. Basi la mjini, pamoja na kusimamasimama, likienda kilomita 15 kwa saa, ni dakika 4. Lakini kama linapita kila dakika 10, wastani wa kusubiri ni dakika 5. Kwa hiyo wanalingana kwenye kilomita 2 na nusu hivi. Ukilikosa kwa sekunde chache, mpaka kilomita 5 bado miguu inashinda. Na dereva anaweza kuamriwa asimame kituoni ili mabasi yasifuatane, nawe umeketi unatazama saa.

Mbinu nzuri ni kukimbia kwa kufuata njia ya basi lenyewe, ukigeuka kutazama nyuma kila unapokaribia kituo cha basi. Likikufikia, panda. Kadi iwe mkononi, maana mabasi ya kule hayapokei pesa taslimu.

Hata hivyo, usikimbie kama kichaa kuokoa dakika 2 halafu treni unayoifuata inaondoka baada ya 12. Shughuli yenyewe inazidi saa 15, na ngazi za jioni hazina huruma. Afadhali uchague behewa linalofunguka karibu na mlango wa kutokea. Hapo unaokoa muda bila jasho.