Mapapa watatu ndo walioleta Uprotestanti? Tusikimbilie jibu

Kwenye mabishano mengi ya historia ya kanisa stori ni moja tu, mapapa walioza, rehema (vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi) zikauzwa, mtawa Mjerumani Martin Luther akachoka, Oktoba 1517 akatoa hoja zake 95 na kanisa likapasuka. Kuna ukweli humo ila inachanganya ishu mbili ambazo mi naona tuziangalie mbalimbali, ya mamlaka (nani mwenye neno la mwisho kanisani) na ya neema (mtu anapataje wokovu wa Mungu).

Ya mamlaka haina ubishi, hali ilikuwa mbaya. Mapapa walikaa Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo, toka 1309 mpaka 1377, Gregory XI akarudi Roma, 1378 akafa, makardinali wakamchagua Urban VI huku watu wa Roma wakipiga kelele nje wanataka Mwitaliano, miezi michache baadae makardinali walewale wakasema aah tulilazimishwa bwana, wakamchagua Clement VII naye akaenda kukaa Avignon. Ufaransa na Scotland wakawa upande wake, Uingereza ikabaki na Roma. 1409 wakakutana Pisa kumaliza ugomvi, wakachagua papa mwingine, wale wawili wakagoma kutoka, sasa wakawa watatu! Mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Konstanz (1414 hadi 1418) ndo ulisafisha, ukatangaza kwamba hata papa anapaswa kuutii, na 1417 akapatikana mmoja, Martin V. Halafu 1460 Pius II, ambaye ujanani aliwahi kuutetea mtaguso kweli kweli, akapiga marufuku mtu kukata rufaa kwa mtaguso dhidi ya papa. Kwa hiyo nani mwenye neno la mwisho? Hapo hapakueleweka.

Lakini mbona hilo peke yake halikuleta Uprotestanti? Konstanz haohao waliokuwa wanawavua mapapa vyeo ndo waliomchoma Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyelikosoa kanisa, tarehe 6 Julai 1415, tena alikuja akiwa na hati ya usalama ya mfalme Sigismund. Kumpinga papa hakukumfanya mtu kuwa Mprotestanti hata kidogo. Na Wajerumani wa miaka ya 1500 hawakuwa wamelichoka kanisa kama tunavyosimuliwa, walikuwa wanajenga makanisa, wanaenda hija, Biblia ya Kijerumani ilishachapwa Strasbourg toka 1466, na hizo rehema walizinunua kwa sababu toharani, mahali roho zinapotakaswa baada ya kifo, waliiamini na kuiogopa.

Fundisho lenyewe la Luther lilianzia darasani. Alisomeshwa teolojia ya msomi Gabriel Biel, kwamba mtu akijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake Mungu hamnyimi neema. Wengi waliona hiyo ni faraja, ila kwa mtawa mwenye dhamiri kali kama yeye ni mateso, maana utajuaje umejitahidi vya kutosha? Septemba 1517, kabla hata ya zile 95, alitoa hoja nyingine kuishambulia teolojia hiyo ya vyuo, na ndo zimebeba mzigo wa imani yake kuliko zile maarufu, japo hazitajwi sana. Humo vita ni juu ya utashi na neema, biashara ya rehema siyo ishu kabisa. Mapapa wangekuwa watakatifu watupu bado angeziandika.

Vitu viwili hivi, mamlaka na neema, vinagongana kwenye mdahalo wa Leipzig 1519. Johann Eck, msomi aliyemtetea papa, akambana Luther mpaka akakubali kwamba baadhi ya hoja za Hus zilizolaaniwa Konstanz ni za Kikristo kabisa, na kwamba mitaguso inaweza kukosea. Kumbuka Novemba 1518 yeye mwenyewe alikuwa amekata rufaa kwa mtaguso, kitu ambacho Pius II alishakataza! Papa hamtaki, mtaguso nao umeanguka mkononi mwake, kilichobaki ni Maandiko. Mkatoliki atakwambia Luther alitupa mamlaka kwa sababu fundisho lake lilikataliwa, na kwa mpangilio wa matukio ana hoja nzuri tu. Ila mi nasema mgogoro wa mapapa haukuzaa fundisho, uliharibu kiti cha mwamuzi, ndo maana ugomvi wa wasomi juu ya neema, ambao vyuoni ulikuwepo siku zote, safari hii haukupata wa kuumaliza.

Na 1999 pale Augsburg Wakatoliki na Walutheri wakasaini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu, ile ishu ya neema. Kuhusu papa na daraja takatifu (upadri na uaskofu) bado wanavutana.