Kutoka kazini kwa wakati si maringo

Mimi ni nesi hapa Uingereza. Juzi nilitaka kubadilishana zamu na mwenzangu. Ningetoka saa nne usiku, nirudi saa moja asubuhi. Kwangu hilo si neno. Msimamizi wa wodi akatazama rota, akakataa: "Lazima upumzike kwa muda wa saa kumi na moja kati ya zamu na zamu. Ni sheria." Nikabaki nimeshika kalamu, machozi yananilengalenga.

Miaka sita nilifanya kazi hospitali ya kaunti huko Pwani ya Kenya. Usiku nesi ni mimi, wodi nzima, watoto wawili kitanda kimoja. Asubuhi mwenzangu asipofika siondoki, maana nitawaachia nani? Na simu ya siku ya ofu mnaijua: "Sista, njoo utusaidie kidogo tu." Hiyo kidogo huisha jua limezama. Mwanangu alipopiga hatua zake za kwanza nilipewa habari kwa simu, nikiwa natundika dripu.

Najua mtasema nimeonja pauni nikasahau kwetu. Sijasahau. Mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji nilijifunza kuutafuta huko huko, kwa tochi ya simu, stima zimepotea, na hapa Uingereza wakishindwa kutoa damu huniita mimi. Wala huku si peponi. Desemba 2022 wauguzi waligoma, na hadi leo kila siku tunaombwa zamu za ziada. Lakini nikijibu siwezi, hakuna anayeniuliza kama sina utu.

Kuna atakayeniambia uuguzi ni wito. Sawa, ni wito, na mwenye wito naye ana mgongo, ana watoto. Mwaka 2017 huko nyumbani tuligoma miezi mitano tukaonekana wakatili. Mwaka 2021 serikali ya Kenya ikatia saini mkataba na Uingereza wa kuwaleta huku wauguzi waliokosa ajira. Waliokosa ajira! Na wodi ile bado ina nesi mmoja usiku? Niliosoma nao wana leseni na wanauza mitumba. Kwa hili siwezi kunyamaza, mniite nitakavyoitwa.

Jioni nilimpigia rafiki yangu niliyemwacha wodini. Akanong'ona kwamba yule wa zamu ya usiku hajafika, atanipigia akitoka. Sasa kwenu ni saa nane usiku, na bado hajapiga.