Nota 560 za Kimya

Maoni ya kwanza yaliyoingia chini ya rekodi yangu hayakugusa muziki kabisa. Yalisema: "Hongera kaka. Shemeji tunamsalimu sana."

Nilishangaa. Mke wangu hapigi kinanda, sijawahi kumtaja kwa wale watu, na usiku nilipokuwa narekodi alikuwa amelala fofofo. Nikajibu, "Salamu zimefika," nikaendelea na mambo yangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Sisi ni watu wazima ishirini na kitu tuliojifunza piano ukubwani, kila mtu kwake, tukakutanishwa na intaneti. Yupo daktari wa meno. Yupo dereva wa lori anayetembea na kibodi ya kukunja nyuma ya kiti. Yupo mama mmoja, mwalimu mstaafu wa muziki, ambaye nadhani anakaa nasi kwa huruma tu. Kila mwezi kila mmoja anarusha rekodi moja, na wengine wanamtia moyo. Sharti letu ni kwamba unaanza na kilicho kizuri. Ukikikosa, unakitafuta. Mimi niliwahi kumsifu mtu kwa namna alivyokaa.

Mwezi ule nilichagua Prelyudi ya C meja, kipande kifupi cha mtunzi Bach, ile inayofungua kitabu chake cha mwaka 1722. Aliyeijaribu anaijua: haina mbio, mikono haivukani, ni nota moja moja tu zinazodondoka, kumi na sita kwa kila baa (nasema baa ya muziki, kile kisehemu kidogo kinachogawa wimbo, ile nyingine hesabu yake haieleweki). Ubaya wake ni huo huo wepesi, maana hakuna pa kujificha. Ukikosea nota moja, hata paka anageuza shingo.

Nilikuwa nimeipiga miaka miwili. Nikiwa peke yangu naipiga vizuri. Tatizo ni kile kitufe chekundu cha kurekodi. Ukishakibonyeza tu, vidole ulivyozaliwa navyo vinakuwa wageni wako. Hasa kidole cha nne. Wapiga piano huvihesabu vidole kuanzia gumba, kwa hiyo cha nne ni kile cha pete. Ni kidole kizito kwa karibu kila mtu, lakini changu kimezidi: wenzake wanafika, wanapiga, wanaondoka, ndipo chenyewe kinauliza kuna nini.

Nilianza saa tano usiku. Watoto wamelala, kwa hiyo nikachomeka hedifoni kwenye kinanda, simu nikaisimamisha juu ya rundo la vitabu. Jaribio la kwanza lilifia baa ya tatu. La sita, simu ilianguka. La tisa nilifika mpaka karibu na mwisho kabisa, nikajipongeza moyoni, na pongezi ile ndiyo iliyoniponza. La kumi na nne lilifika. Yaani lilifika! Masikioni mwangu kila nota ilikuwa imekaa mahali pake. Nilipomaliza nikaacha mikono hewani sekunde tatu, kama wafanyavyo wakubwa, kisha nikazima.

Na niliikagua, hilo naomba lieleweke. Niliitazama yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simu niliizima sauti, nisije nikaamsha watoto. Mikono ilipendeza sana. Mabega yameshuka, vifundo vimelegea, na kuna mahali nimefumba macho. Nikairusha, nikaenda kulala kama mtu aliyelipa madeni yake yote.

Asubuhi, baada ya zile salamu za shemeji, ikaja sauti ya daktari wa meno: "Mguso mwepesi mno. Sijawahi kumsikia mtu akipiga kwa upole hivi." Nikajibu kwa unyenyekevu wa kuigiza: "Asante daktari. Nilitaka sauti iwe karibu isisikike."

Dereva wa lori akaandika: "Nimekusikiliza nikiwa barabarani. Nikasimamisha gari, nikashuka kukagua injini." Hii sikuielewa vizuri, lakini nikaona ni fumbo la watu wa safari. Nikajibu, "Muziki humsimamisha mtu."

Kijana wetu mmoja anayependa mambo ya kisasa alileta insha. Alinikumbusha kwamba mwaka 1952, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano dakika nne na sekunde 33 bila kupiga nota hata moja, kwa kazi ya mtunzi John Cage, akifunga na kufungua kifuniko tu kuonyesha sehemu zake. "Lakini wewe," akasema, "umekwenda mbali kuliko Cage. Umezipiga zote." Nikamwambia Cage simjui sana, mimi ni mtu wa Bach. Akanijibu, "Hapo ndipo ulipotuacha."

Mwingine akaanza hivi: "Glenn Gould naye alipokuwa akirekodi Bach..." Niliishia kwenye jina Gould, yule mpiga piano mashuhuri wa Bach. Yaliyofuata sikuyasoma, kwa nini nijiharibie siku? Kichwa kilikuwa kimeshavimba kiasi cha kutosha.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu mstaafu. Yeye haandiki maneno mengi. "Mwanangu, nimesikiliza mara tatu, penseli mkononi. Yale manne uliyojikwaa nimeyatoa. Kabla ya zile nota za mwisho zinazolia pamoja nimehesabu mapigo 560. Yanapaswa kuwa 544. Kitabu chako cha zamani?"

Nikasoma, nikatikisa kichwa. Uzee. Nani anasikiliza Bach kwa kuhesabu?

Mchana, kazini, wakati wa mapumziko, kiherehere kikanishika. Mwenzangu aliniuliza siku hizi nashughulika na nini baada ya kazi. Badala ya kumwambia, nikaona nimwonyeshe, na kwa kuwa wengine wanne walikuwa karibu, nikaweka simu katikati ya meza na kupandisha sauti mpaka mwisho. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, "Sikilizeni jinsi inavyoanza."

Ilianza hivi: tok. Tok-tok-tok-tok-tok-tok-tok.

Plastiki ikigonga kitu laini. Tok-tok-tok. Kama karani anayechapa barua akiwa na hasira ya wastani. Nikaichukua simu, nikaitikisa, nikairudisha mezani. Tok-tok. Kisha kwa mbali ikasikika sauti ya mwanamume anayeghuna wimbo, nayo imeteleza chini ya wimbo wenyewe kwa kadiri ya nusu hatua, haioni haya. Nilichukua muda kutambua kwamba mwanamume yule ni mimi. "Mm-mm-mm... haya, F shapu inakuja... F shapu... wewe! Kidole cha nne! Nitakukata wewe!" Tok-tok-tok.

Katikati, mlango ukalia. Sauti ya mke wangu, ya mtu aliyetoka usingizini: "Baba watoto. Unachapa nini usiku huu?"

Tok-tok-tok-tok.

"Nakuuliza wewe."

Tok-tok. "Mm-mm-mm."

"Haya." Halafu mwayo. Mwayo ule ulichukua baa mbili nzima, umeanzia juu ukashuka vizuri, nikiwa mkweli ndicho kitu pekee kilichokuwa kwenye ufunguo. "Nimeolewa na cherehani mimi." Mlango ukafungwa.

Pale mezani hapakucheka mtu mara moja, na hilo ndilo lililouma. Mmoja akaniuliza taratibu, kwa heshima kama ya msibani: "Kwani hiyo piano iliharibika lini?" Ndipo wakacheka. Wamecheka mpaka leo.

Kumbe kinanda cha umeme ukikichomeka hedifoni, spika zake zinanyamaza, sauti yote inapita kwenye waya kuelekea masikioni kwako wewe peke yako. Kilichobaki chumbani ni vidole vikigonga plastiki, pamoja na upuuzi wowote unaoutoa mdomoni. Simu ilirekodi kilichokuwepo. Haikunionea.

Nikayarudia yale maoni, safari hii kwa macho ya mtu aliyefilisika. "Sauti karibu isisikike." Mungu wangu. Injini ya lori. Salamu za shemeji. Yule wa Gould, nikamalizia sentensi yake, alikuwa akinifariji: Gould naye alighuna, na katika rekodi zake anasikika, kwa hiyo nisione aibu. Watu wote wale walijua! Hakuna hata mmoja aliyeniambia, kwa sababu sharti ni kuanza na kilicho kizuri, na walikuwa bado wanakitafuta.

Isipokuwa Mwalimu. Yeye alihesabu tok.

Nikamwandikia: "Shikamoo Mwalimu. Naomba radhi, rekodi haikuwa na sauti."

"Marahaba. Nilijua. Nota sikusikia hata moja, ndiyo maana nikakusikia vizuri. Mkono wa kushoto unawahi. Na una baa moja ya ziada, tazama baada ya ya 22."

Jioni nikafungua kitabu changu, kile cha mtumba chenye kurasa za rangi ya chai. Prelyudi ile ina baa 35, ya mwisho ikiwa ni zile nota zinazolia pamoja tu. Changu kina 36. Mwalimu akanieleza kwamba Bach aliishusha besi, ile nota ya chini kabisa, hadi F shapu, kisha akairusha moja kwa moja hadi A flati. Mwanamuziki mmoja Mjerumani aitwaye Schwencke akaona hapo pameruka ngazi, akapachika baa yake yenye G katikati. Vitabu vingi vya zamani vikaichapa kama ilivyo. Hata Charles Gounod, katika karne ya 19, alipotunga wimbo wake maarufu juu ya prelyudi hii, alitumia nakala yenye baa hiyo, kwa hiyo angalau nimeingia mkenge pamoja na watu wa maana.

Miaka miwili nimefanyia mazoezi baa ambayo Bach hakuiandika. Na, niseme tu, ndiyo niliyokuwa naipiga vizuri kuliko zote.

Nikaifuta kwa kalamu nyekundu. Vidole vikagoma. Kila nikifika pale, kushoto kunajiendea kwenye G kama punda anayejua njia ya nyumbani. Ilinichukua wiki nzima. Jumamosi mchana, hedifoni ikiwa imefungiwa kabatini, mlango umefungwa, mdomo nimeubana, nikarekodi upya. Safari hii nilisikiliza kwanza. Mara mbili. Nikairusha.

"Safi," akaandika daktari wa meno. Dereva akaweka kidole gumba. Yule kijana wa kisasa akasema anaheshimu uamuzi wangu wa kurudi kwenye njia za kawaida. Siku nzima ikapita hivyo, baridi tupu. Usiku ndipo likaja jibu la Mwalimu:

"544. Mkeo hajambo? Hatujamsikia."