Leseni pekee haimlindi mwenye bima

Makala niliyoisoma, inayosifu ukali wa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima nchini Kenya, imeeleza kazi ya mamlaka hiyo kana kwamba inaishia kwenye kutoa leseni na kuzifuta. Kwa maoni yangu, kazi ngumu zaidi iko katikati: kukagua hesabu za kampuni, kuhakikisha mtaji unalingana na hatari ilizobeba, na kuuliza kama akiba ya kulipa madai ni fedha halisi au ni thamani ya viwanja iliyopandishwa kwenye karatasi.

Bima ya magari ya abiria ndiyo kipimo cha kazi hiyo. Kampuni zinazogombania wateja hushusha ada, fedha za mwezi huu zinalipa madai ya mwaka juzi, na kesi za majeruhi zinapokamilika mahakamani, kasha ni tupu. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria (anayeteuliwa kuiendesha kampuni iliyoyumba badala ya wakurugenzi wake) mwaka 2005, kabla mamlaka hii haijaundwa. Blue Shield ikafuata mwaka 2011, mamlaka ikiwa tayari kazini. Zote mbili zilikuwa zimekatia bima matatu nyingi, yaani magari ya abiria.

Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, unaolipa madai kampuni ya bima inaposhindwa, upo, lakini malipo yake yana ukomo, na mwenye matatu aliyelipa ada yake kwa uaminifu (tena kwa lazima ya sheria) anaweza kujikuta akidaiwa na majeruhi kiasi kilichobaki. Ndiyo maana ningependa mwandishi aulize ni lini wakaguzi walianza kuona dalili za kampuni hizo kuyumba, badala ya kusifu ukali uliokuja baadaye.