Msanii anayejitegemea humtegemea nani?

Mjadala wa ruzuku ya sanaa hauishi bila mtu kusema kwamba kazi nzuri hujiuza yenyewe, na isiyojiuza isiwe mzigo wa walipa kodi. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Naandika tamthilia, na nilijivunia kutopokea hata senti moja ya umma.

Siku moja nikakaa kupiga hesabu bila kujificha. Kodi ya nyumba alikuwa akilipa mke wangu kwa mshahara wake. Ukumbi wa mazoezi tulipewa bure na rafiki. Waigizaji walicheza kwa nauli tu. Nilichokiita mapato yangu ni viingilio vilivyobaki baada ya watu wote hao kunibeba. Mfadhili nilikuwa naye tangu siku ya kwanza, ila sikumtaja, na hilo linaniuma mpaka leo. Asiye na mwenzi mwenye mshahara, wala wazazi wenye uwezo, huiacha sanaa mapema. Kwa kuwa hatumwoni tena, tunadhani hakuwa na kipaji.

Liko pia jambo ambalo wachumi William Baumol na William Bowen walilieleza mwaka 1966. Kiwandani, mashine mpya humwezesha mfanyakazi kuzalisha mara nyingi zaidi ya zamani, na mshahara wake ukapanda. Lakini muziki ulioandikwa na Beethoven kwa wapigaji wanne bado unahitaji watu wanne, na dakika zilezile. Gharama za maisha ya hao wanne zinapanda pamoja na za watu wengine wote, huku kazi yao haiwezi kuharakishwa. Tamthilia ni hivyohivyo. Kumwambia mwigizaji aongeze bidii hakufupishi onyesho.

Hata hivyo, siwezi kuisifia ruzuku kwa kila sura yake. Nilipoandika andiko la mradi kwa mara ya kwanza, nilikuwa na tamthilia ya ndugu wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao. Fomu ikauliza idadi ya wanufaika, ikauliza kazi yangu inahusianaje na mada ya mwaka. Nikaongeza mhusika mmoja, nikabadilisha mwisho, nikaingiza hotuba. Fedha nilipata. Wale ndugu wawili sikuwapata tena, na sijaweza kuwarudia.

Kwa hiyo nimefikia msimamo huu: fedha ya umma imnunulie msanii muda, isinunue kazi yake wala mada yake. Uholanzi, kuanzia 1949 hadi 1987, ilikuwa na mpango wa kuwapa wasanii kipato nao wakatoa kazi zao kwa malipo hayo. Maghala yakajaa picha ambazo hakuna aliyejua zipelekwe wapi. Ufaransa imefuata njia nyingine: mtu wa jukwaani au wa filamu akitimiza saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, hulipwa posho katika siku asizo na kazi. Hapo kujitegemea na mfuko wa pamoja vinashikana mikono. Saa hizo lazima uzitafute mwenyewe, na hakuna anayekuuliza ulicheza nini. Napenda sana mpango huo, ingawa mwandishi kama mimi, anayefanya kazi peke yake mezani, haumfai.

Anayefanana na mimi alifikiriwa Ireland. Mwaka 2022 walianza jaribio la kuwapa wasanii 2,000 yuro 325 kila wiki kwa miaka mitatu. Msanii alipaswa kuonyesha kwamba kweli anafanya sanaa. Baada ya hapo waliopita wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Wenzangu kadhaa wameniambia bahati nasibu ni dharau kwa kipaji. Mimi naona kinyume chake. Kamati inayopima ubora huishia kupima ladha yake, na mwombaji hujifunza ladha hiyo kabla hajaandika mstari wa kwanza. Kura haina ladha. Ningepata fedha ya namna hiyo, ningeendelea kuuza tiketi mlangoni kama kawaida, nikawalipa waigizaji wangu kwanza, kisha nikajaribu tena kuwatafuta wale ndugu wawili.