Akifa seli, nani aseme alijiua?

Baba yake Albert Ojwang alifunga safari kutoka Homa Bay hadi Nairobi na hati ya shamba, akitumaini itamtoa mwanawe kwa dhamana. Alipofika kituo cha polisi cha Central, Juni 8, 2025, mwalimu huyo wa miaka 31, aliyekamatwa kwa chapisho la X kuhusu mkubwa mmoja wa polisi, alikuwa ameshafariki. Maelezo ya polisi: alijigonga kichwa ukutani.

Siku mbili baadaye wanapatholojia wakiongozwa na Bernard Midia walisoma mwili wenyewe. Majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, michubuko kila mahali, dalili za kupambana. Haya si ya mtu kujiumiza, walisema. Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, Douglas Kanja, akaomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo yale ya kwanza.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema kila kifo cha seli ni mauaji. Mahabusu hujiua kweli. Saa za kwanza ndizo nzito zaidi: mtu ametolewa nyumbani mbele ya watoto, pombe inamtoka, aibu inamwingia. Ndiyo maana pale kaunta huvuliwa mshipi na kamba za viatu. Askari wa zamu mwenye seli iliyofurika hasomi moyo wa kila aliyemo, na kumwita muuaji kabla ya uchunguzi ni kumwonea.

Lakini mshipi ule ule unakidai kituo. Unaonyesha hatari inajulikana. Basi hata aliyejitoa uhai kweli anaacha maswali: nani alipita kumtazama, saa ngapi, akaandika nini kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo? Nimechoka kuona neno "alijiua" likifunga faili, kana kwamba marehemu alikuwa peke yake duniani.

Tena wanaoulizwa ndio wenye funguo, kitabu na kamera. Kwa Ojwang, IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, ilikuta kamera za kituo zimechezewa. Sheria inamtaka hakimu achunguze kifo cha aliye mikononi mwa polisi, ila hakimu hupokea kile kilichokusanywa na wengine. Korona huru, yaani afisa wa kuchunguza vifo vyenye utata asiye chini ya polisi, angefika mwili ukiwa bado sakafuni. Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mwaka 2017. Ojwang alipolazwa mochari, miaka minane baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi.