Karani alimpunguzia bibi miaka
Eti wazee wasio na cheti cha kuzaliwa hujiongezea umri, ndivyo anavyosema mwandishi wa makala moja niliyoisoma. Kwa bibi yetu mzaa mama ilikuwa kinyume: karani wa vitambulisho ndiye aliyempunguzia, akamwandikia 1 Januari 1942, kazi ikaisha. Wakati bibi anachezwa unyago, matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalikuwa yanafyeka pori Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1940. Sasa mwali gani huyo wa miaka sita? Wanawe pia bibi aliwapanga hivyo hivyo, kwa matukio: mjomba wa Uhuru, mama wa Azimio la Arusha, na kitinda mimba wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya, 1974, aliyezaliwa nyumba mpya haijaezekwa hata upande mmoja. Ukimbishia alikuwa anakutazama tu, anaendelea kubangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, halafu anakutajia na jumbe, yaani mkuu wa kijiji, wa wakati ule alikuwa nani. Tulipomzika mwaka jana ukazuka ubishi wa kibao cha kaburi: wajomba wanataka mwaka wa kitambulisho, sisi wajukuu tunataka wa matrekta. Nyie kwenu mliandika upi?